Nembo ya Saba

Barua ya mkoa ilisema: nembo kumi na mbili,
uzi wa hariri, ngoma iwe juu ya mto,
mnazi huku, mnazi kule.
Haikusema ngoma iwe inalia.

Somjin akafunua cherehani kando ya reli,
pale soko la Mae Klong linapokunja maturubai
ili treni ipite, ikipapasa nyanya
na vikapu vya samaki waliovunjwa shingo watoshe.
Miwani ilikuwa ya kuazima.

"Mbona ngoma," akauliza mjukuu wake Phuwadon,
"na hakuna anayeipiga?"
"Ni jina la mto," akasema, uzi mdomoni.
"Klong ndiyo ngoma kwetu.
Mji ukikosa mpigaji, huchora."

Maji aliyashona kwa mishono mifupi, mivivu,
mto unavyokuja na tope la bara.
Ngoma ikaelea. Haikuzama, haikwenda popote.
Kazi ya nembo ndiyo hiyo, kuzuia kitu kisiende.

Mnazi wa kushoto ulimtoka vizuri.
Wa kulia ukamsumbua.

Charoon alikuwa mgema. Alfajiri alipanda
kwa mwanzi mmoja uliochongwa vikanyagio,
vikopo kiunoni, akashuka na maji matamu
ya kupikwa sukari kabla hayajachacha.
Siku moja vikopo vilimtangulia.

Basi kwenye nembo ya saba, mnazi wa kulia,
akaegemeza mwanzi: uzi mmoja wa kahawia
mwembamba kama ukope,
vikanyagio vitano.

Karani alikuja Ijumaa na kioo cha kukuzia.
Akahesabu makuti, akapima duara, akaisifu ngoma.
Kwenye ya saba akakawia.
"Huu uzi umeponyoka?"
"Umeponyoka."
Akatoa mkasi mfukoni, akautazama,
akaurudisha. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo
ya mtu aliyekulia karibu na sufuria za sukari.

Sasa ziko juu ya shule, zahanati, bohari la chumvi.
Ya saba hajui ilipelekwa wapi.
Honi ikilia anakunja turubai
na kutazama mlingoti wa kituo:
hakuna upepo, kitambaa kimelala,
ngoma imekunjwa tumboni mwake.
Behewa la mwisho likipita huvuta hewa,
bendera hufunguka kidogo,
mnazi wa kulia tu,
halafu hujifunga
kabla hajapata kuvaa miwani.