Daftari la Mabao

City Park, kwenye kantini ya klabu,
ukimtaja Kizito Amalemba watu huweka vikombe chini.
Wanasema mpira ulinata kwenye gongo lake
kama ndege kwenye ulimbo.
Wanasema kipa mmoja wa Pangani alihama mji.

Mimi ndiye niliyeandika daftari.
Misimu tisa. Mabao manne.
Moja, beki wao alijifunga; tukamwandikia yeye.

Sisemi alikuwa bure.
Alipoinama kukaza kamba za viatu
hata muuza njugu aliacha kuhesabu chenji.
Alikuwa na namna yake ya kukosa:
mpira ukipaa juu ya mwamba
tulishika vichwa, tukaulaumu mwamba.

Mabao sitini na moja ni ya Jaswant Virdee,
fundi mabomba wa Ngara,
aliyefunga, akarudi katikati, akafunga tena,
jioni akaenda kuzibua sinki la mtu.

Majuzi nilimkuta meza ya pembeni
akimsimulia mjukuu habari za Kizito,
mikono hewani, macho yakimeta,
chenga moja baada ya nyingine.

Daftari nilikuwa nalo mkobani.
Nikaagiza chai.