Tundu la Kumi na Mbili

Kamati imeandika: "Panua madirisha, waumini wanataka mwanga."
Nimetoka Tabora mjini, saa tatu kwa pikipiki,
na timazi, nyundo, tindo nne,
na Shija wa kuchanganya zege.

Ukuta nimeupima mara mbili, sikuamini:
dhiraa mbili na shubiri,
udongo wa kichuguu uliokandwa kwa miguu,
mawe mekundu tumboni.
Tindo inaingia kali, inarudi butu.
Aliyejenga hivi hakuogopa mvua.

Tundu lenyewe, kwa nje, halipitishi kiganja.
Kwa ndani linatanuka, mtu mzima anaenea:
goti chini, bega ukutani, gobole mbele.
Katekista huyaita macho ya malaika.
Sawa.
Malaika wenye baruti.

Na mlango. Tangu utotoni tuliambiwa
ni mfupi ili uingie umeinama mbele za Mungu.
Leo nimesimama nyuma yake,
nikaona kijukwaa cha mtu mmoja, gizani,
kimo chake sawasawa na shingo ya anayeinama.
Nikajipapasa kisogo.

Kisima kipo sakristia, chini ya kabati la kanzu.
Darini kulikuwa ghala; makapi ya uwele bado yapo.
Mnara haukuwa na kengele, ulikuwa na mtu.

Bibi Kalunde, aliyemzaa baba wa babu yangu,
alilala humu rugaruga wakichoma vihenge.
Siku ya sita akajifungua, kanga kainyonga mdomoni
asisikike nje.
Mtoto wakamwita Bulugu, yaani Vita.
Jina hilo ndilo ninalotia sahihi kwenye mikataba.

Matundu kumi na moja nimeshayapanua.
Jua limeingia lisikowahi kufika,
likaangukia mistari ya mkaa nyuma ya nguzo:
minane mizima, wa tisa nusu.
Shija kauliza, tupake chokaa?
Sijamjibu.

La kumi na mbili lina nyuki.
Nilipoligusa, ukuta mzima ukanguruma,
asali nyeusi ya miombo ikachuruzika kwenye tindo.
Zamu haijaisha, nikasema moyoni, nikashuka ngazi.

Jioni nikamwendea mwenyekiti, kofia mkononi:
"Hili moja tuliache, mzee. Tukiligusa, ukuta utapasuka."

Nimedanganya.
Ukuta huu haupasuki.