Fundi wa Bodi Akikwaruza Yuzu

Mwezi wa tisa, na joto la Hita bado halina adabu ya kuaga.
Mezani kuna kikapu cha yuzu changa,
kijani kibichi, ngumu kama kirungu cha gia,
ngozi ina vitundu vitundu kama pua ya marehemu baba.
Si ndimu, si chenza. Ni ndugu yao wa mlimani,
mwenye miiba mirefu na mbegu nyingi kuliko maji.

Tamae kaketi kwenye kiti cha plastiki,
mkono wa kulia mapajani kama paka mgonjwa.
Miaka thelathini na minane kazi hii ilikuwa yake;
mwaka huu kifundo kimegoma.
"Leo wewe," akasema, akanisukumia kikwaruzo cha shaba.

Mimi ni fundi wa bodi.
Nimenyoosha milango iliyobonyea,
nimepaka rangi gari la maiti na gari la maharusi
katika wiki moja. Tunda ndilo litakalonishinda?

Nikakwaruza kama mtu anayedaiwa.
Mbele nyuma, mbele nyuma, meza ikitikisika,
ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na moja;
bakulini kukaota kichuguu, nikajiona bingwa.
Tamae akachovya ncha ya kijiti, akalamba.
Hakusema neno. Akaenda kunywa maji.

Aliporudi: "Nilikutuma koti, umevua mpaka fulana.
Kijani ni koti. Chini yake kuna fulana nyeupe,
na fulana hiyo ni chungu."

Nikajitetea: meno ya shaba makali,
matunda madogo, miwani imeingia ukungu.
Akaningoja nimalize.
"Lile gari la daktari Ogata, ulipolipiga msasa,
ulijuaje pa kuishia kabla hujala bati?"

Swali gani hilo. Sauti hubadilika.
Rangi hulia kwa wembamba, praima hunong'ona,
bati hupiga kelele,
na ukiisikia kelele umeshachelewa.

"Basi," akasema, akajisugua kifundo.

Nikaanza upya.
Safari hii yuzu ndiyo iliyotembea, kikwaruzo kimetulia.
Izungushe robo, pita mara moja,
robo, pita, usirudi ulikokwishapita.
Kijani kinalia shii, shii, kama mvua ya mbali juu ya majani.
Weupe ukikaribia, sauti inakuwa butu,
kama kifutio ubaoni. Hapo geuza.
Na ukiona kaukanda ka kijani kamebaki karibu na kikonyo,
usikaonee tamaa. Yuzu nayo isitiriwe.

Mafuta yaliruka hewani, ukungu usioonekana,
yakanikumbusha kila mkwaruzo wa kidole niliokwisha kuusahau.
Harufu ikatoka hadi uani;
mbwa wa jirani akapiga chafya.

Maganda yaliyong'ang'ania katikati ya meno
huyabishi ukutani kama mtu anayekung'uta kiatu.
Kuna kibrashi cha mwanzi, kigumu kama ndevu za siku tatu:
fagia kufuata upande mmoja, taratibu,
maana hapo ndipo nusu ya utamu ilipojificha.

Kisha pilipili za kijani, mbegu nje, glavu mkononi.
Kisha chumvi. Kisha kinu kidogo chenye mifereji,
na mchi unaozunguka, hautwangi,
mpaka vitatu vikawa kitu kimoja chenye rangi ya moss ya hekaluni.

Tamae akachovya.
"Chumvi imepungua."
Akachovya tena. Hiyo mara ya pili
hakuwa na sababu nayo, nilimwona.

Kikapuni yuzu zilikuwa zimepauka,
magari yaliyovuliwa rangi, yakingoja kukamuliwa.
Nikavua glavu, nikajiona mtu,
nikafikicha jicho.