Transfoma Kwanza

Walinituma Kara-Bulun na maboksi mawili ya vipeperushi,
karatasi zinazong'aa, picha ya balbu inayotabasamu,
na chini yake, kwa wino wa buluu:
Mageuzi Haya Ni Yako.
Januari. Nje, nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri.
Ukumbini mwa shule hakuna aliyevua koti.
Mimi nilivua langu, kwa adabu,
nikajuta kabla ya ukurasa wa pili.

Nikasema ruzuku. Nikasema nakisi.
Nikasema gharama halisi ya kuzalisha uniti moja,
na mshale mwekundu ukapanda ukutani
kama mtu anayekimbia moto.
Kisha umeme ukakatika.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniuma.
Walitoa simu mifukoni, wakawasha tochi,
wakanimulika mimi
kama mbweha aliyekutwa bandani mwa kuku.

Akasimama Anarkul, mchochea boila wa shule,
masizi yamejaa hadi kwenye mistari ya viganja.
"Binti," akasema, "hesabu naijua.
Nahesabu makaa kwa ndoo tangu hujazaliwa.
Cha bei chee kina mtu anayekilipia, najua.
Sina ugomvi na mshale wako.
Ila transfoma ya mtaa wa chini
imeungua mara tatu tangu Oktoba:
mtatupandishia bei ya giza?
Na ile nyumba ya mkuu wa wilaya,
ambayo madirisha yake hutoka jasho theluji ikianguka,
yeye analipa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vipeperushi mia sita.

Nikayaandika maneno yake nyuma ya kimoja,
kwa penseli, maana wino ulikuwa umeganda.

Wizarani karatasi ile ilikaa wiki tano.
Saparaliev, bosi wangu, aliisoma amesimama.
"Tulikutuma ukafundishe,
umeturudia na kazi ya nyumbani."
Lakini aliikunja taratibu,
akaitia mfuko wa ndani, anamoweka miwani.

Mwezi Aprili orodha ikabandikwa
kwenye mlango wa duka la mikate:
jina, mtaa, uniti, deni.
Mkuu wa wilaya ndiye wa kwanza,
na tarakimu zake ndefu kuliko jina lake.
Watu walisoma kwa kidole, midomo ikitembea,
mkate ukipoa kwapani.
Siku ya tatu alilipa.
Siku ya nne mtu akamchorea ua dogo pembeni;
la dhihaka au la shukrani, sikuuliza.

Mei, lori likapanda mlima na transfoma mpya,
ya kijivu, nzito kama fahali aliyelala.
Bei ilisubiri. Tuliiacha isubiri majira yote ya joto,
na kule hazina wakang'aka.
Oktoba ilipoingia, Anarkul alikuwa ameshatubana:
uniti mia za kwanza kwa bei ya zamani, tulisema;
mia na hamsini, alisema,
na akakaa kimya mpaka tukachoka.

Msidhani wote waliridhika.
Mzee Toktosun bado hulipa kwa sarafu,
moja moja juu ya kaunta,
na kwa kila sarafu humtaja babu yangu mmoja kwa ubaya.
Lakini hulipa. Na taa yake inawaka
hadi saa sita za usiku, akisoma magazeti ya kale.

Vipeperushi vile Anarkul aliviomba.
"Vinashika moto upesi," alinishukuru,
"tatizo lake ni kwamba havikai."

Sasa wananituma kusini, kwa habari ya pensheni.
Wameshachapisha: mzee anayetabasamu, wino wa buluu.
Nimeuliza kwanza, kwa maandishi,
pensheni za wabunge zinapunguzwa lini.
Barua iko mezani kwa Saparaliev.
Ameivalia miwani, ameivua.
Anatazama dirisha.