Vipuli vya Roshani

Hemlata kapanda ngazi ya kuazima,
karatasi kwapani, kipande cha mkaa mkononi,
anaisugua roshani ya babu yake, Mtaa wa Soko, Tanga:
yungiyungi, tausi aliyevunjika shingo,
na mwaka uliochongwa,
tarakimu moja imeliwa na mchwa.

Jumatatu wanakuja wabomoaji.

Dukani fedha inamiminwa kalibuni.
Fundi Sechonge ataka kumtia tausi shingo mpya.
“Muache hivyohivyo,
ndivyo tulivyomjua.”

Leo Mwanakombo kaja kuvijaribu vipuli.
Kageuza kichwa mbele ya kioo,
upepo wa bandarini ukapenya matunduni
kama ulivyozoea kupenya kule nyumbani,
na Hemlata, bila kukusudia,
akanyoosha mkono kufunga dirisha.