Miche Mitano

Kila saa Mwasiti huchomoa miche mitano,
sabuni bado ina uvuguvugu wa mtambo.
Mzito kutoa mwepesi: gramu tatu. Tano. Nne.
Sampuli ishirini na tano, wastani nne,
mara mbili nukta moja moja nne:
mpaka wa juu nane na nusu, kasoro chembe.
Wa chini sifuri;
miche mitano haishtakiwi kwa kufanana.

Leo umeme ulikatika Chang'ombe yote,
ukarudi kwa kishindo.
Kumi na moja.

"Futa," akasema Kihwelo, "mteja hana mzani."

Mama yake, Mbagala, huukata mche kwa uzi,
kwa jicho tu, na huona.

Mwasiti akatia nukta kwa wino
juu ya mstari mwekundu,
akaenda kumwita fundi.
Waya umelegea.