Nyuzi Tisa

Syombua wa Burma hunipimia matumbo ya kondoo
kwa mkono, si kwa mizani, na kila Jumamosi huniuliza:
"Mutura wako unauzia wapi, mbona siuoni?"
Nacheka. Mutura wangu hauliwi.

Nyumbani Ziwani nayaosha kwa maji ya majivu,
nakwangua mafuta kwa mgongo wa kisu,
nasokota, nanyoosha kati ya misumari miwili ukutani
mpaka kilichosaga nyasi za Kajiado
kikauke, kilie ukikidonoa kwa ukucha.
Majirani wameizoea harufu. Karibu wote.

Gita lenyewe ni la kale kwa umbo tu;
nililiunda mwaka jana kwa mvule wa kitanda kilichovunjika.
Jozi tano, ila ya kwanza ni mjane.
Nyuzi tisa. Nazihesabu kila jioni kama mbuzi zizini.

Sheria yake haina namba:
kaza uzi mwembamba hadi ukaribie kukatika,
kisha rudi nyuma, kidogo.
Hapo ndipo pa kuanzia. Wengine wote waufuate.
Kamba hukatikia pembamba, tuliambiwa;
hatukuambiwa kwamba pembamba ndipo hutoa amri.

Jana kaja Obwaka, mpigaji wa kwaya ya Kaloleni,
kidole gumba kikitafuta besi kama mguu unaotafuta ngazi gizani.
"Fundi, jozi ya tano iko juu kuliko ya tatu. Umekosea."

Sikukosea. Wapo waliotia uzi mnene pale,
wapo waliolaza mnene na mwembamba kitanda kimoja,
na wapo walioukataa unene kabisa,
wakaliacha gita bila sakafu.

"Nyumba isiyo na msingi," akasema.
"Piga," nikasema.

Akapiga, noti huku, noti kule,
kila moja ikikataa kufa kabla mwenzake hajaingia,
mpaka chumba kikajaa na hakuna aliyejua
ipi ilitangulia.

Akanyamaza. Akakohoa.
"Hata hivyo, nitilie besi moja."
Nikamtilia. Pesa ni zake.

Usiku, baridi ya Julai ikipenya chini ya mlango,
nikasikia pwaa! Nikawasha taa.
Ule mwembamba ulikuwa mahali pake, umenyooka, kimya.
Mnene ndio ulioning'inia.

Asubuhi nikampigia Obwaka.
Sikumwambia "nilikwambia."
Nilisema tu: subiri Jumamosi,
niende kwa Syombua.